Binti wa Spana Anatua Bila Injini

Kijiwe chetu kiko kando ya barabara, ng'ambo ya uwanja mdogo wa ndege, lakini benchi limeupa uwanja mgongo. Mama Birika, muuza kahawa, anataka wateja wamtazame yeye. Alasiri hiyo tulikuwa watatu: Mzee Spana, fundi wa malori; Diploma, kinyozi asiye na diploma yoyote; na mimi, mshona viatu, ninayenyamaza nikiwa nakunywa tu. Binti wa Spana alikuwa angani peke yake kwa mara ya kwanza, katika ile ndege nyembamba yenye mabawa marefu. Inapaa kwa injini yake, ikifika juu injini inazimwa, inakunjwa na kufungiwa mgongoni, kisha ndege inaelea kwa upepo. Binti alimwomba baba yake jambo moja: amtazame akitua. Spana hakuwa na moyo wa kusimama uwanjani. Akaja kwetu, akaapa atageuka akisikia mlio wa ndege ikija.

— Diploma: Mzee, tulia. Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini.

— Spana: Hiyo wanaambiwa maadui! Aliye juu ni mwanangu.

— Diploma: Basi mpanda ngazi hushuka.

— Mimi: Hushuka vipi, ndilo swali. Lile dude linatua kwa gurudumu moja katikati, kama toroli.

— Diploma: Kazi ndogo hiyo. Akikaribia chini anatia gia ya nyuma.

— Spana: Gia ya nyuma, na injini imelala?

— Diploma: Basi anatoa miguu, anakanyaga. Baiskeli yangu haina breki mwaka wa tatu huu, mmeniona nikifa?

— Mimi: Tumekuona ukiingia nayo kibandani kwangu, ukavunja rafu nzima ya viatu.

— Diploma: Nilisimama, sikusimama? Halafu niwape siri. Ndege zile hazishuki. Ardhi ndiyo inayopanda. Asubuhi kuna baridi, ardhi imenywea. Jua likiwaka inaumuka kama mkate, inaifuata ndege hukohuko.

Mama Birika akaacha kupuliza makaa.

— Mama Birika: Nyie maneno mengi kuliko kahawa mnayokunywa! Binti mwenyewe alinieleza, amesimama hapo hapo. Anachagua mapema pa kutua, angali juu. Anateremsha gurudumu. Anakuja kwa mwendo wake, hapunguzi kwa woga. Akiona yuko juu mno, ana vibao kwenye mabawa. Akiviinua, ndege inashuka. Kwisha.

— Spana: Na akiwa chini mno?

— Mama Birika: Anavilaza vibao, ndege inaelea mbali zaidi.

— Spana: Si anawasha injini!

— Mama Birika: Thubutu! Injini ikitolewa mgongoni halafu igome kuwaka, inasimama kwenye upepo na kuizuia ndege. Inashuka mbio mbio. Karibu na ardhi haiguswi, alisema.

Spana akaweka kikombe chini. Nimemjua miaka thelathini, na sikuwahi kuuona uso ule.

— Spana: Asubuhi nilimwambia, mwanangu, mambo yakiwa magumu, washa injini. Maisha yangu yote injini ndiyo inayonirudisha nyumbani.

Hatukucheka. Diploma akamsogelea, akamwekea mkono begani.

— Diploma: Mzee wangu, watoto siku hizi hawasikii. Wa kwangu nilitaka awe kinyozi, kafuga nywele mpaka mgongoni.

— Spana: Wako hasikii. Wangu ananisikia sana. Hapo ndipo penye balaa.

Tukatega masikio. Yakapita malori, zikapita pikipiki. Diploma akisema hakuna mlio maana yake bado yuko juu, mimi nikisema nusu saa tangu apae ni nyingi mno, na Spana akitukemea tunyamaze asikie. Katikati ya makelele hayo akatokea mama mmoja aliyevaa ovaroli, anahema.

— Shikamooni. Baba wa rubani ni nani hapa?

— Spana: Mimi. Sema tu, mama. Sema.

— Ametua salama kabisa, mzee. Mimi ndiye mwalimu wake. Mwishoni alikuwa chini kidogo. Anasema mkono ulitaka kwenda kwenye swichi ya injini kwa sababu ya maneno yako, akaukataza, akavilaza vibao, akagusa nyasi taratibu. Sasa hataki kuondoka kwenye ndege yake mpaka apate jibu. Anauliza: baba, nimetuaje?

Injini iliyozimwa haina mlio, na wanaume wazima watatu tulikuwa tumekaa tunausubiri. Diploma alichungulia ndani ya kikombe chake. Nikamgeukia Mama Birika, maana yeye peke yake alikuwa ameuelekea uwanja.

— Mama Birika: Msiniulize. Muda wote nilikuwa namwangalia Spana.

Spana akainuka benchini. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

— Spana: Mwambie... Hapana, usimwambie kitu. Naenda mwenyewe kumwambia sikumwona.

Akavuka barabara akiita jina la mwanawe, bila kutazama kushoto wala kulia. Ikabidi Diploma aruke katikati na kusimamisha lori kwa mikono miwili.