Sakafu Iliyong'aa Kupita Kiasi

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu na wadogo zangu, poleni na kazi za wiki. Mwenyekiti ameniomba nisimame nieleze nilivyokarabati nyumba kwa mikono yangu mwenyewe, na nimewaona baadhi yenu mkiitazama hiyo mikono kabla ya kunitazama usoni. Itazameni tu, haina kiingilio. Zamani ilikuwa laini kama andazi.

Kwa mliojiunga na kikundi karibuni, mimi ndiye mnayemsikia akiitwa Profesa. Uprofesa sina. Nina shahada moja, ya historia. Kwa miaka mingi nilifanya kazi Bukoba katika ofisi ya mradi, nikiandika taarifa ndefu kuhusu jinsi mkulima anavyoweza kuboresha makazi yake. Mradi ulipoisha nilirudi hapa Nyaishozi, kwenye nyumba yangu ambayo haikuwa na lipu ndani wala nje, na chumba chake cha nyuma kilikuwa na sakafu ya udongo. Mkulima niliyekuwa nikimshauri alikuwa na nyumba nzuri kuliko mimi. Siku hizi akinisalimia huwa natazama chini.

Mambo yaliharibika mama alipoanguka. Mnaijua miteremko ya Rugera, kilipo kibanja cha mama, na mnamjua mama, hawezi kuona ndizi imekomaa akaiacha mpaka kesho. Aliteleza na mkungu begani, nyonga ikavunjika. Hospitali walimtengeneza vizuri, wakamtia chuma, wakampa mkongojo, wakatuambia jambo moja kwa msisitizo: asianguke tena. Akapelekwa kwa mdogo wake pale Omurushaka kupata nafuu, na sisi watoto tukaitisha kikao cha familia. Kaka yangu, anayefanya kazi Mwanza, ndiye aliyeuliza maswali.

"Chumba cha kumweka unacho?"

"Ninacho."

"Kina sakafu?"

"Ya udongo."

"Ukuta una lipu?"

"Ukuta upo."

"Sikuuliza kama upo. Na choo?"

"Cha kuchuchumaa."

Si mtu mbaya kaka yangu, na alichosema baadaye kilikuwa cha haki. Alisema atachukua likizo aje kabla ya masika. Akikuta chumba cha mtu mwenye chuma nyongani, mama atabaki. Asipokikuta, ataondoka naye.

Mama alikuwa pale pale, mkongojo magotini. Akasema, "Mwanza nitaongea Kinyambo na nani? Na friji?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona akitazama upande wa kibanja chake, palipo migomba yake na kaburi la baba. Nikajua kwamba mama akivuka kwenda Mwanza, atakayerudi ni mwingine, au hatarudi kabisa.

Nikamwita fundi. Fundi mzuri, akapima, akataja bei yake, nayo ilikuwa bei halali ya kazi yake. Tatizo halikuwa kwake. Kwangu palikuwa na fedha ya kununulia vifaa tu, na hiyo nayo ilitoka kwenye kahawa na kwenye akiba ya kikundi hiki. Ya ufundi haikuwepo. Jioni nikamwambia mke wangu kwamba tumeshindwa.

"Si una shahada?" akauliza.

"Ya historia."

"Haya, watu wa kale walijengaje?"

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna chuo kilichowahi kunipa mtihani mgumu kama ule.

Nikaanza kama mnavyoanza wote, kwa simu. Nikatafuta video za kujifunza. Nikampata bwana mmoja wa nchi za mbali, ana glovu nyeupe, anakata ukuta kwa msumeno wa umeme kama anakata mkate, na anatabasamu muda wote. Ukuta wangu ulikuwa wa matofali ya kuchoma. Msumeno sikuwa nao. Tabasamu nililijaribu, halikusaidia.

Nikachanganya mchanga na sementi, nikatia maji mpaka ikawa kama uji wa mgonjwa, nikaibandika ukutani kwa mwiko wa kuazima kwenu. Ilishika. Nikazunguka nyumba nzima nikijipongeza. Asubuhi tukiwa kwenye chai tukasikia kishindo chumbani, halafu kingine. Tulipofungua mlango, lipu yote ilikuwa imelala chini.

Mke wangu akanywa chai yake, akasema, "Angalau sasa sakafu ina sementi."

Hapo ningeacha. Lakini nilipoinama kuzoa, nikaona kipande kimoja kimebaki ukutani, kona ya juu, kimeshika kama kimezaliwa pale. Nikakigonga, hakikutikisika. Kwa nini hicho tu? Nikatazama juu. Ni pale bati linapovuja! Ukuta pale ulikuwa na unyevu. Kwingine kote matofali yalikuwa makavu, yakanyonya maji ya lipu yangu yote yakaiacha vumbi. Wenzangu, nilifurahi kuliko siku ya mahafali. Miezi yote hiyo nilikuwa nikililaani tobo la bati, kumbe lilikuwa linanifundisha. Nikachekecha mchanga, nikapunguza maji kwenye mchanganyiko, na ukuta nikaunywesha madumu kwa madumu kabla ya kuugusa. Safari hii ilishika. Mnakumbuka jinsi nilivyowaita mje kuigusa. Kuna mama mmoja hapa, simtaji, alikuja mara ya tatu akasema yeye anapita tu.

Tobo la bati lenyewe nilimwachia fundi, kwa senti chache zilizobaki kwenye vifaa. Na umeme pia. Kwa anayeanza, hii nisikieni vizuri: kujifanyia mwenyewe kunaokoa fedha mradi ubaki hai wa kuitumia.

Baada ya ukuta nikawa kama mtu aliyelewa. Nikaweka miti ya kushikilia kuanzia mlangoni mpaka chooni, ya mkaratusi, nikailainisha kwa msasa. Nikachukua kiti cha plastiki, nikakikata tundu katikati, nikakisimamisha juu ya shimo la choo na kukifunga imara. Ilibidi kijaribiwe. Nilikijaribu mimi, nimevaa suruali yangu vizuri, mlango wazi kwa ajili ya mwanga, nikiyumba kushoto na kulia kama niko kwenye boti. Jirani akapita, akasimama, akanisalimia kwa heshima zote, akaenda zake. Nasikia habari ilifika Omurushaka kabla ya saa sita. Nilipokwenda dukani kuongeza sementi, mwenye duka, ambaye ukoo wake ni wa Tanga na maneno yake bado ni ya kule, aliniuliza, "Profesa, na kile kiti cha enzi unauza?" Lakini pima maji aliniazima bila kunidai hata shilingi.

Ikabaki sakafu. Sakafu ndiyo niliyoipenda kuliko yote, na ndiyo ingenimaliza.

Nilipanga mawe, nikashindilia, nikamwaga zege, nikasawazisha. Kisha nikaipiga niru. Mnanijua na mnajijua. Huku kwetu nyumba ya mtu aliyefanikiwa ni ile yenye niru. Uji wa sementi tupu unausugua kwa mwiko wa chuma mpaka mgeni akiingia aione sura yake, na avue viatu bila kuambiwa. Nilisugua mpaka magoti yakatoka ngozi. Ikang'aa. Nikawaonyesha watu kwa kuwasimamisha mlangoni, hakuna kuingia.

Kaka akafika kwa gari lake, amempitia mama Omurushaka. Mama akaletwa mpaka mlango wa chumba. Akatazama ukuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akatazama sakafu. Akavua ndala zake, moja, kisha nyingine, akabaki peku pale kizingitini.

"Pazuri, waitu, mwanangu," akasema. "Hapa ni pa wageni. Mimi nitalala wapi?"

"Ni chako, mama. Ingia."

Akaweka ncha ya mkongojo kwenye sakafu, akaegemea kidogo. Mkongojo ukateleza. Kaka akamdaka. Hakuanguka, namshukuru Mungu mpaka leo. Lakini alirudi nyuma, akavaa ndala zake taratibu, na akamuuliza kaka kwa sauti ya kawaida kabisa, "Gari lako lina nafasi ya nguo zangu?"

Mama yangu si mtu wa kusema anaogopa.

Kaka akachuchumaa, akapitisha kiganja sakafuni. "Umepiga niru chumba cha mtu wa mkongojo."

"Kila nyumba nzuri ina niru."

"Ndiyo," akasema. "Hata yangu ya Mwanza." Naona alikuwa anaipitia sakafu yake mwenyewe kichwani.

Nikatoka nje nikakaa kwenye tofali. Sementi imekwisha, magoti yamekwisha, na mama anaondoka kwa sababu ya kitu nilichokifanya vizuri mno. Uwanja wetu ulikuwa umefagiliwa asubuhi ile, mke wangu hufagia kwa ufagio wa njiti, na mistari ya ufagio ilikuwa bado imelala kwenye udongo kama mlivyozoea. Mama alikuwa anavuka uwanja kuelekea kwenye gari. Ndugu zangu, alikuwa anatembea! Hashikwi, hasiti, mkongojo unakita kwenye ile mistari, tap, tap, kama mtu aliye kwake.

Nikasimama kama niliyeingiliwa na siafu.

"Kaka, likizo yako inaisha lini?"

"Wiki ijayo. Kwa nini?"

"Vua shati."

Tukachukua tindo na nyundo, tukaanza kuichokoa ile niru niliyoisugua kwa machozi. Kaka, mtu wa ofisi yenye kiyoyozi, alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kope. Mama alikuwa amekalishwa nje na kikombe cha chai, akasikia nyundo. "Hao wanavunja nyumba?"

"Hapana, mama," mke wangu akamjibu. "Walikuwa wamezidi kwenda mbele, wanarudi kidogo."

Kesho yake ninyi mkaja. Sijawasahau. Mfuko wa sementi aliununua kaka, mchanga mliubeba ninyi, maji mliyateka bondeni, na toroli lilitoka kwa mwenzetu aliyekuwa akilihitaji mwenyewe siku hiyo hiyo. Tukaloanisha sakafu, maana somo la tobo la bati lilikuwa limeingia, tukapiga tabaka jipya jembamba, tukalisawazisha. Tukangoja likaze kiasi cha kidole kutozama. Hapo mke wangu akaniletea ufagio wake wa uwanja, ule ule, nikaurudisha nyuma taratibu kutoka kitandani mpaka mlangoni, nikikata njia ya miguu, mstari baada ya mstari. Tukafunika kwa majani ya migomba, tukawa tunamwagia maji asubuhi na jioni, na mama akarudi kwa mdogo wake kungoja. Nguo zake ziliachwa ndani ya gari la kaka. Hakuna aliyethubutu kuzishusha.

Siku ya kufunua alikuja tena. Akasimama kizingitini. Akaanza kuvua ndala.

"Usivue, mama," kaka akasema.

Akatanguliza mkongojo. Ukauma. Akaegemea, ukashika. Akatazama chini kwa muda mrefu, ile mistari yote imelala upande mmoja.

"Nani amefagia hapa?"

"Mwanao," akasema kaka.

"Hm. Hajaacha kona."

Akaingia. Na ndala zake, mkongojo wake, tap, tap, mpaka kitandani, akakaa. Tulikuwa tumejazana mlangoni kama watu wa harusi. Akatutazama mmoja mmoja, akatulia kwa kaka. "Na nguo zangu zinafanya nini kwenye gari lako?"

Kaka alikimbia. Sijawahi kumwona kaka akikimbia tangu shule ya msingi.

Sasa mama yuko kwangu. Jumamosi anapelekwa kibanjani kukagua migomba na kugombana nayo. Fedha ambayo leo ningekuwa nalipia deni la fundi ndiyo inayomrudisha kliniki. Kaka alipofika Mwanza alipiga simu kuniuliza ule mchanganyiko ni mchanga kiasi gani kwa sementi kiasi gani, maana ana wakwe wazee.

Kwa hiyo shukrani zangu kwanza ni kwenu, kwa maji, kwa mchanga, kwa kicheko pia, maana anayechekwa huamka mapema kumaliza kazi. Kwa mwenye duka, na pima maji yake. Kwa mke wangu, aliyenipa mtihani na baadaye akanipa ufagio. Na kwa anayetaka kuanza, anza. Anza na ukuta wa nyuma usioonekana, kosea huko. Lakini kabla hujachanganya chochote, mfikirie anayeingia hapo kila siku, si mgeni wa Krismasi.

Toroli nilisema nitalirudisha leo. Ukweli ni kwamba mama amelitazama jiko la nje, akaniuliza kwa nini lina kizingiti kirefu vile. Nikamwambia, mama, mimi ni profesa, nina makala ya kuandika. Akasema maprofesa wamejaa redioni, waitu, lakini wanaojua kufagia sementi hajasikia wa pili.

Naombeni toroli hadi Jumamosi.