Mama Geuza na Barua Niliyoichapa Mimi

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, dada yetu mfamasia anastaafu baada ya kukaa miaka thelathini na miwili kwenye dirisha la dawa la hospitali yetu. Sisi tunamwita Mama Geuza, maana kila anayepewa dawa dirishani pale huambiwa ageuze pakiti asome nyuma.

Alianza kazi vidonge vikifungwa kwenye karatasi za kaki. Amefundisha wafamasia kumi na wanne, wawili kati yao sasa ni mabosi wake, na wote bado huficha simu akipita. Siku moja mchuuzi alimletea pipi za kikohozi zilizoandikwa "za asili", akazisifu weee. Mama Geuza alimjibu kwamba upupu nao ni wa asili, kisha akamgeuzia pakiti.

Lakini jamani, sherehe zetu zimezidi sifa tupu, na mimi leo nina hasira. Mama huyu anaondoka na barua ya onyo kwenye faili lake. Kosa lake? Kuwauliza wajawazito maswali! Mjamzito akija na mafua kuomba pipi za kikohozi, humuuliza mimba ina miezi mingapi, anakohoa tangu lini, ana homa, anatumia dawa gani nyingine, anamung'unya ngapi kwa siku. Wengi aliwapa, akawaonya wasizile kama peremende, wasukutue koo kwa maji ya chumvi na wapumzike.

Maana mjamzito hana amani, masikini. Mama mkwe anamkataza hata kidonge kimoja, jirani anamletea majani yasiyojulikana, duka la pembeni linamuuzia chochote. Mama Geuza alimuuliza yeye mwenyewe anaumwaje, na sisi tukaiita hiyo "kuchelewesha foleni kwa maswali yasiyo ya lazima".

Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu niliyachapa mimi, katibu muhtasi wa Mganga Mkuu. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, shavu limetuna kwa pipi ya kikohozi. Aibu yangu!

Siku nne baadaye pipi ziliniishia, nikaenda dirishani. Alijua fika nani aliichapa barua ile, nikajiandaa kupewa vidonge vyangu vya maneno. Wapi! Aliniuliza maswali yale yale, foleni ikiguna nyuma yangu. Nikakiri kwamba ilikuwa wiki ya tatu, nilikuwa namaliza pakiti nzima kwa siku, na homa ilikuwa inanitetemesha. Hakunipa hata moja. Alifunga dirisha, akanishika mkono hadi kwa daktari huku nikihema.

Ilikuwa nimonia. Pipi zilikuwa zinanituliza koo tu, kifua kinaharibika. Daktari alisema ningechelewa siku mbili zaidi, angehangaika na roho mbili. Na shukrani aliyopata Mama Geuza? Aliitwa kueleza kwa nini dirisha lilifungwa dakika ishirini. Hivi kweli?

Binti yangu sasa yuko darasa la tano, na ndiye atakayemkabidhi maua leo. Miaka yote hiyo nimeomba onyo lile lifutwe. Wakuu watatu wamepita, kila mmoja ananiambia kuna utaratibu. Utaratibu wa kuandika ulichukua asubuhi moja, wa kufuta unachukua miaka kumi na mmoja!

Dada yetu, ahsante kwa kuuliza. Upumzike kwa raha, afya ikuandame, na kila utakapougua upate wa kukuuliza kama ulivyotuuliza sisi.

Mganga Mkuu, safari hii siombi. Barua ya kufuta onyo nimeshaichapa, nimeibana nyuma ya nakala yako ya ratiba hii ya sherehe, na kalamu iko kando ya glasi yako. Keki haikatwi kabla hujatia saini. Tafadhali, geuza.