Mashine ya Tatu Haiko Mezani

Risala ya Kisomo cha Jioni cha Chechelesi kwa mgeni rasmi, Novemba 2019

Mgeni rasmi, Bi. Nasteha Tari, mkurugenzi wa visima katika kaunti yetu ya Isiolo. Wazee wa Chechelesi, Burat na Biliqo. Mama zetu na wanafunzi wenzetu: salaam aleikum, na Bwana asifiwe.

KARIBU

Umetukuta tukiomba, na hatukuharakisha. Kila somo hapa hufunguliwa kwa sala mbili. Nurto, anayeuza chai karibu na stendi, ameomba dua. Kinanu, mwenye duka la nyuzi na vifungo, ameomba kwa jina la Yesu, na ndiye anayekusomea maneno haya kwa niaba yetu sote. Mwaka wa 2014 Kinanu hakuweza kusoma bango la duka lake mwenyewe. Leo akikwama mahali, tafadhali mngoje. Atafika.

TULIKOTOKA

Ukumbi huu ulikuwa stoo ya mahindi. Serikali ya kaunti ilikuwa changa, sisi tulikuwa tumeshazeeka, na watu waliopita hapo nje walituchungulia wakisema, "Hao ni ngumbaru, wazee wasiojua kusoma, wanasoma wapate nini?" Mwalimu wetu, marehemu Gichuki, alikuwa karani mstaafu wa hali ya hewa. Yeye hakutupa hesabu za maembe na machungwa. Alisema mtu mzima husoma vizuri kitu anachokihitaji, na hapa kwetu kitu hicho ni maji. Kwa hiyo kila mwanafunzi alileta vipimo vya kisima cha kwao: maji ya tangi asubuhi yamefika wapi, na pampu imechukua muda gani kulijaza. Ntongai, fundi wa mawe, alileta vya Burat. Kabale, aliyekuwa mjini akimuuguza mumewe, alipata vya Biliqo kwa ndugu zake waliokuja na lori la mbuzi.

Tulikuwa na kompyuta moja kubwa ya mezani. Mwalimu aliiandikia programu ya kulinganisha vipimo vya leo na vya siku zilizopita, kisha ikasema kesho kisima kinaweza kunywesha makundi mangapi bila kukauka. Kompyuta ile ilivuma kama posho mili ya kusagia mahindi. Tulioketi nyuma hatukusikia somo, lakini tulipenda mvumo wake. Mpaka leo, tukiingia humu na kukuta kimya, tunaukumbuka.

Kisha mume wa Kabale akapona, wakarudi nyumbani Biliqo. Tulifurahi na tukahuzunika. Vipimo vyake viliendelea kuja na lori, na majibu yetu yakarudi na lori, na katikati ilipita wiki nzima. Siku moja alituma ujumbe na dereva: "Mwambieni Mwalimu jibu lake ni la kweli, lakini ni la juzi. Ng'ombe wamekuja leo."

Mwalimu alisomewa maneno hayo. Halafu akasema, "Basi programu ihame. Iende ikae kisimani."

KUHAMA

Biliqo hakukuwa na umeme wa kulisha kompyuta kubwa. Mwalimu akaagiza kompyuta tatu ndogo, moja ya Biliqo, moja ya Burat na moja ya hapa Chechelesi, za kutosheka na betri moja na paneli ndogo ya sola. Alipofungua kifurushi, Ntongai aliichukua moja akaipima kiganjani.

"Mwalimu, hii ni kompyuta ama ni sabuni?"

"Wewe Ntongai, usiinawie tu," akasema Nurto.

Tulicheka, lakini programu ilikataa kuingia. Ilikuwa imezoea nyumba kubwa. Ilitaka madirisha ya rangi, picha ya tone la maji, na vitu vingine vingi ambavyo mashine ndogo haikuvijua. Kabale alikuwa amekuja mjini wiki hiyo, akasimama nyuma ya Mwalimu kwa muda mrefu.

"Mwalimu, ukihama na ngamia hubebi kabati."

Tangu siku hiyo tulianza kuivua programu. Picha iliondoka. Rangi zikaondoka. Mwalimu alisoma mstari mmoja mmoja kwa sauti na kutuuliza, "Huu unasaidia ng'ombe kunywa?" Tukisema hapana, anaufuta. Tuliokuwa tukisoma silabi miaka miwili kabla, tukawa tunapiga kura juu ya mistari ya programu. Mgeni rasmi, hatujui kama umewahi kuwa na furaha ya namna ile. Sisi tuliipata tukiwa na wajukuu.

Hata hivyo, ikaganda. Mashine ndogo ina kumbukumbu ndogo, na programu ilikuwa ikiita vipimo vyote vya visima vyote, tangu siku ya kwanza, vije pamoja. Mwalimu alihangaika nayo mwezi mzima. Kabale ndiye aliyemuuliza:

"Kwani wewe unaleta mifugo yote ya Biliqo kwa birika moja la kunyweshea, wakati mmoja? Si watakanyagana? Kwetu kuna mzee wa zamu. Kundi linakuja, linakunywa, linaondoka. Ndiyo lingine linakuja."

Mwalimu aliweka chaki chini, akacheka mpaka akafuta macho. Akaiandika upya. Sasa kipimo cha siku moja huingia, huhesabiwa, huacha jibu lake na kutoka, kisha cha siku inayofuata huingia. Programu iliyokuwa ikiganda ikamaliza kazi kabla Nurto hajamaliza kutumiminia chai.

Hatutaficha kosa letu. Tulipopeleka mashine ya kwanza Biliqo, ilizima kila siku adhuhuri. Kwa wiki mbili Mwalimu alitafuta kosa ndani ya programu, na akafuta hata mistari mizuri. Mwishowe Kabale akaondoa kitambaa. Kinanu alikuwa ameifumia mashine ile kitambaa cheupe cha maua, mara mbili, pande zote, kuikinga na vumbi, kama tunavyofunika redio na makochi nyumbani. Mashine ilikuwa ikipikika kwa joto. Kinanu anakiri tena leo mbele yako, na anasema alifanya kwa upendo.

Mwalimu Gichuki alituacha mwaka jana. Tulipomtembelea mara ya mwisho, aliuliza jambo moja.

"Ya Biliqo imeamka?"

"Imeamka, Mwalimu."

"Mmeiambia tarehe?"

Aliuliza kwa sababu mashine hizi hazina saa ndani. Betri ikiisha, zinakumbuka vipimo vyote lakini hazijui leo ni siku gani. Lazima mtu aziambie. Kila asubuhi Kabale, baada ya sala ya alfajiri, huandika tarehe kwa mkono wake mwenyewe, yule ambaye zamani alitia kidole gumba kwenye wino. Sisi huku, jioni, hufanya vivyo hivyo baada ya sala zetu mbili. Tumwombee Mwalimu pumziko jema.

FAIDA TULIYOIONA

Tuna moja tu ya kukueleza. Ukame uliopita, mashine ya Biliqo ilionyesha siku tatu mfululizo kwamba tangi linachelewa kujaa, ingawa kwa macho maji yalionekana yale yale. Kabale alimwonyesha mzee wa zamu. Mzee akauliza, "Kidude hiki kinajua nini?" Kabale akajibu, "Kinajua ulichonifundisha wewe." Zamu zikapanuliwa kwa siku zaidi, makundi ya mbali yakapewa siku zao, na kisima hakikukauka mpaka mvua ikanyesha. Hakuna aliyepigania maji. Hatujui ni namba gani inayopima jambo kama hilo, kwa hiyo tumeliandika kwa maneno.

OMBI LETU

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kompyuta mpya kumi unazotuletea leo, na kwa mpango wa ofisi yako wa kukusanya vipimo vya visima vyote mahali pamoja mjini. Ni mpango mzuri. Tutajifunza, na vipimo vyetu vyote tutakupa.

Barua yako ilisema kila kituo kije leo na mashine yake ya zamani ili ikabidhiwe ofisi yako. Tumetii kadiri tulivyoweza. Meza iliyo mbele yako tumeitandika kitambaa kile kile cha maua. Ya Chechelesi ndiyo hiyo kushoto. Ya Burat iko katikati. Ntongai ameipangusa tangu asubuhi. Kulia hakuna kitu.

Kabale yuko hapa, mstari wa pili, mwenye shuka ya kijani. Amesafiri siku mbili na amekuja mikono mitupu. Tulimwuliza jana kwa nini hakuileta. Akasema, "Wiki hii ni zamu ya watu wa mbali, na tarehe nimemwachia mume wangu aandike. Nikiizima nije nayo, nani atawaambia kama maji yatawafikia?" Hakuwa na nia ya kukukaidi. Vipimo vya Biliqo vikija mjini kwanza, tutarudi kwenye jibu la juzi.

Hatuombi jengo, wala hatuombi viti. Chukua hizi mbili. Chukua na ile kubwa iliyokufa pale pembeni, ingawa tutaikosa. Tunaomba tu nafasi ya kulia kwenye kitambaa hiki ibaki wazi, na utakaporudi ofisini uandike kwamba uliiona ikiwa wazi na ukakubali.

Mungu aliyemfungulia Hajiri kisima jangwani akufungulie njia katika kazi yako, akurudishe kwa watoto wako ukiwa mzima, na ainyeshee Isiolo mvua kwa wakati wake. Amina, na amin.

Ni sisi wanafunzi wako,
Kisomo cha Jioni cha Chechelesi, pamoja na wenzetu wa Burat, na Kabale wa Biliqo, ambaye ameandika jina lake hapa mwenyewe.