Bi. Damari Mabruki na Saa Yake ya Mchana

Mapadri wetu, wazee wetu, ndugu wa Mkunazini na wa Mbweni, na ninyi majirani wa Chukwani mliokuja kwa miguu juani, na mfungo wa Ramadhani mkiwa nao, familia ya Mabruki na familia ya Feruzi zinakusalimuni, na kabla hatujampeleka Bi. Damari kaburini zinaomba mkae kitako kidogo, msikie alikotoka, alichokifanya na alichokiomba, maana hicho cha mwisho ndicho kilichomfanya awe Damari tuliyemjua.

Marehemu alizaliwa hapa Mbweni tarehe 7 Juni 1902, akiwa mtoto wa mwisho wa Mzee Mabruki, mchoma chokaa, na mkewe Bi. Mariamu, ambao wote wawili walifika hapa wakiwa watoto waliotolewa utumwani, hawakijui hata kijiji walichozaliwa, na kwa kuwa hawakuwa na habari za mababu za kuwahadithia watoto wao jioni, waliwafundisha sala, na huo ndio urithi pekee aliokua nao.

Mwaka 1910 aliingia shule ya wasichana ya hapa Mbweni, akajifunza kusoma, kuandika na kushona, na waliosoma naye wanasema hakuna aliyeadhibiwa kama yeye kwa kosa la kucheka kanisani, tabia ambayo, tuseme kweli, hakuiacha mpaka uzeeni. Alimaliza Desemba 1917, na Januari 1919 akapewa darasa la watoto wadogo, kazi aliyoifanya mpaka Desemba ya mwaka jana, hivyo wengi mliokaa hapa mlijulia herufi mikononi mwake, na wapo wazima humu ambao masikio yao hayajasahau vidole vyake.

Tarehe 22 Novemba 1924 alifunga ndoa katika kanisa la Mkunazini na Bwana Kleopa Feruzi, seremala, ambaye yupo mbele yetu na ametoa ruhusa tuyaseme haya yote bila kumficha. Mungu aliwajalia watoto wawili, Loisi, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1927, ambaye sasa ni muuguzi na ana watoto wake, na Augustino, aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 1931, ambaye alishikwa na homa akiwa na miaka kumi na miwili, na baba yake alipiga magoti kando ya kitanda hakula wala hakulala, akamwomba Mungu kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na tarehe 14 Julai 1944 mtoto akafa.

Tangu maziko yale Bwana Kleopa hakusali tena. Hakugombana na mtu wala hakuwazuia wa nyumbani mwake, isipokuwa alisema ameomba mara moja akanyimwa, basi haombi mara ya pili, na mkitaka kujua ugumu wa moyo wake, vibao vya kupigia magoti mnavyoviona katika kanisa letu ni kazi ya mikono yake, alivitengeneza mwaka 1946, akavipiga randa mpaka vikang'aa, akavipanga, akatoka nje, hakuweka goti lake hata juu ya kimoja.

Bi. Damari naye alikuwa amefiwa na mtoto yuleyule, na watu walishangaa kumwona anarudi kanisani. Bi. Mwatum Machano, jirani na rafiki yake wa Chukwani, alimuuliza waziwazi anakwenda kumwomba nini tena Mungu, naye akajibu, "Siendi kumpa habari, Bi. Mwatum, habari anazo. Nnakwenda kukaa naye, nisije nikabaki peke yangu na haya." Hakumhubiria mumewe hata siku moja, bali lipo ombi moja alilolirudia kila siku ya Mungu, kwamba kabla hajafa amwone Kleopa amepiga magoti, na akaamini atapewa kama mtu anavyoamini kwamba magharibi itafuatiwa na asubuhi.

Wageni wetu mwelewe desturi yetu ya Kwaresima. Tangu Jumatano ya Majivu mpaka Ijumaa Kuu, nafasi moja ya mbele kanisani haiachwi tupu kuanzia asubuhi hadi jua linapotua, kila mtu ana saa yake ya maombi, hakuna kuzungumza, na anayemaliza hainuki mpaka anayempokea afike nyuma yake. Saa za asubuhi na za jioni zina wenyewe wengi, lakini saa ya jua la utosi, kuanzia saa sita, ilikuwa ya Bi. Damari miaka yote, akitoka darasani anajitanda kanga yake na kwenda, na mara nyingi akipishana njiani na Bi. Mwatum anayewahi nyumbani kwa sala ya adhuhuri, wakipungiana mikono kila mmoja na njia yake.

Ugonjwa ulimwanza Desemba 1957, miguu ikavimba na pumzi ikawa fupi, akalazwa hospitali mjini, na mwishoni mwa Januari madaktari wakasema moyo umechoka, wakamruhusu arudi nyumbani. Kwaresima ilipoanza alikwenda kwenye zamu yake kwa mkongojo, lakini Jumatatu tarehe 3 Machi hakuweza kuinuka, akamtuma mumewe ampelekee habari Bi. Rakeli Songoro, mwenye saa inayotangulia, ili atafutwe mtu mwingine.

Bwana Kleopa akafika, akasimama nyuma, na kwa kuwa haruhusiwi kusema, akakohoa. Bi. Rakeli, ambaye alikuwa ameacha muhogo motoni, alipogeuka na kumwona mtu wa nyumba ya Damari, alidhani huyo ndiye mpokezi, akanyanyuka, akamwinamia kichwa kwa heshima na kwenda zake haraka. Bwana Kleopa alinyoosha mkono kumzuia, akaushusha, akatazama mlangoni, akaitazama nafasi iliyo tupu katika saa ya mkewe, jambo ambalo halijapata kutokea, na aibu ikamshinda nguvu, akapiga magoti. Anasema mwenyewe kwamba hakuwa na sala kinywani, alimwambia Mungu, "Miye sikuja kuomba. Mke wangu mgonjwa, nafasi yake nnaikalia, basi."

Aliporudi, mkewe alimuuliza kama amefikisha ujumbe, akasema hakuwahi, akaulizwa saa nzima alikuwa wapi, na alipojibu, Bi. Damari aligeukia ukutani, akacheka mpaka akalia. Kesho yake Bwana Kleopa alikwenda tena, akisema anakwenda kurekebisha lile kosa, ila Bi. Rakeli alikuwa ameshautangazia mtaa mzima, na kosa halikurekebishwa mpaka Kwaresima ikaisha. Katikati yake aliungama kwa padri, na siku ya Pasaka, tarehe 6 Aprili, watoto wa Bi. Mwatum walimbeba Bi. Damari kitini mpaka mlango wa kanisa, akamwona mumewe akipokea Ekaristi, na furaha aliyokuwa nayo usoni siku ile sisi tuliomwona hatuna maneno yake.

Lakini nyumbani kulikuwa na hofu ambayo haikusemwa. Bwana Kleopa alikuwa ameanza kuomba mkewe apone, kwa nguvu zilezile za mwaka 1944, na sote tulikuwa tukiwaza, akinyimwa tena itakuwaje. Zamu zilikuwa zimekwisha, naye aliendelea kwenda kila mchana, na jana Ijumaa, tarehe 11 Aprili, hali ilipobadilika yeye yuko kanisani, Bi. Mwatum alitaka akaitwe, marehemu akamshika mkono akamwambia, "Mwacheni. Miaka yote namwombea afike pale, leo nyinyi mnataka mumtoe?" Akafariki dunia muda mfupi baadaye, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Bwana Kleopa alirudi akakuta vilio, akakaa kando ya kitanda kilekile, hakusema na mtu mpaka usiku, wala asubuhi hakusema, na tukajua yaliyotokea mwanzo yamejirudia. Leo, saa sita ilipokaribia, aliinuka katikati ya wafiwa, akavaa kofia yake, akashika njia ya kanisani, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Aliporudi, binti yake Loisi alimuuliza alikwenda kuomba nini, naye akajibu, "Leo sikuomba kitu, mwanangu. Nilikwenda kukaa naye."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mjini, walimu wenzake na wanafunzi wake, Bi. Rakeli na muhogo wake ulioungua, na majirani wa Chukwani, Bi. Mwatum na wanawe, mliochimba kaburi na kiu na kuwapikia wageni chakula msichokionja, Mungu awalipe.

Bi. Damari, uliyemwombea ndiye atakayetuongoza sala kaburini. Lala sasa kwa amani, saa yako ina mtu.