Ngoma Isiyo na Kona

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyinyi mlioketi mbele, na nyinyi mliosimama mlangoni kwa sababu benchi nilizotengeneza hazitoshi!

Mimi si msemaji. Shule niliachia darasa la nne. Maneno haya nimeyaandika nyumbani, nikayafuta, nikayaandika tena, maana naogopa kutia chumvi mbele ya Mungu. Nikikosea, nyinyi mliokuwepo mnisahihishe.

Mnanijua: fundi wa mbao pale Kibuye. Vitanda, kabati, majeneza. Mke wangu, Mama Atieno, alipofariki, miaka michache baada ya Uhuru, watu waliniambia niache fundi mwingine atengeneze sanduku lake. Nikakataa. Nilimpima mwenyewe kwa tete, nikalikata urefu wake kama tunavyopima maiti, nikapasua mbao mwenyewe, nikapigilia misumari mwenyewe. Nilifikiri huo ndio upendo. Labda ulikuwa. Mpaka leo sijui.

Tulipotoka kuzika nilirudi kazini, nikaweka randa kwenye ubao wa kitanda cha mteja. Ndugu zangu, niliona jeneza! Kabati ikawa jeneza. Mlango ukawa jeneza. Chochote chenye kona nne kilikuwa kinamngoja mtu. Mikono ilitetemeka mpaka randa ikaanguka, nikafunga karakana. Mama yangu, mzee vile, akawa anauza omena, dagaa wetu wa ziwani, sokoni ili wanangu wale, na mimi nimekaa mlangoni kama mgeni. Mliniombea. Sitadanganya kwamba nilipona siku ile, na sitasema maombi yenu yalikuwa bure.

Sasa, Mama Njeri yule pale, anayeuza vitu vya mitumba. Alinunua mzigo wa vitu kutoka ukumbi wa dansi uliofungwa, na ndani kulikuwa na seti ya ngoma za kizungu: ile kubwa ya kupigwa kwa mguu, tatu ndogo, na sahani ya shaba iliyopasuka ukingoni. Hakuna aliyezitaka. Akaamua kuipa kwaya yetu, akaja nazo kwangu kwa mkokoteni nizitengeneze.

Nikamwambia, "Mama, mimi sishiki mbao tena."

"Nani amesema mbao? Hii ni ngoma. Tafuta kona hapo, ukipata nitaondoka na mkokoteni wangu."

Nilizungusha mkono kwenye ngoma moja ndogo. Nikazungusha tena. Hakuna kona! Ubao mwembamba uliokunjwa mpaka ukakutana na wenyewe. Mama Njeri hakungoja jibu, alienda zake akiniachia mkokoteni pia.

Nilianza polepole. Nje zilikuwa zimevikwa plastiki ya kumetameta, imekuwa ya manjano kama meno ya mvuta kiko. Niliibandua kwa kitambaa cha maji moto na kisu butu. Chini yake mbao ilikuwa safi, ndugu zangu, nyekundu kidogo, kama haijawahi kuguswa. Nikaipiga msasa, nikaipaka vanishi kwa kitambaa, nikaacha ikauke, nikapaka tena. Kutu ya vyuma vyake nilitoa kwa majivu na limau. Mikono ilitetemeka, ila haikuangusha kitu.

Lakini ngozi zote zilikuwa zimetoboka. Ile kubwa niliivika ya ng'ombe. Kwa ngoma ndogo nilijua ngozi moja tu inayolia kwa ukali, ile babu zetu huku ziwani walivika ngoma za ohangla, dansi ya kwenye karamu za pombe: ya kenge. Nikaipata ufukweni Dunga kwa mvuvi, nikailoweka, nikaivuta, ikakauka kivulini. Nilijisifu moyoni. Hilo naliungama.

Jumapili ikafika. Kijana wa kwaya akagonga moja ya zile ndogo mara moja, na mabega ya kina mama wa nyuma yakaanza kutikisika yenyewe! Yawa! Wimbo ulikuwa wa toba, lakini mabega yalikuwa kwenye pombe. Mzee Okech, mzee wetu wa kanisa, akasimama.

"Fundi, umetuletea kenge kanisani?"

"Mzee, kenge mwenyewe amekufa."

"Amekufa, na bado anacheza! Mtoe nje!"

Watu walicheka, mimi nikatamani sakafu inimeze. Ila niseme haki: Mzee hakunionea. Sauti ile wengi waliitoroka ili waokoke. Nilipaswa kufikiri, sikufikiri.

Nilizirudisha karakana, nikazivua kenge nizivike mbuzi. Ngozi ya mbuzi ni nene kidogo, haikukaa kwenye miduara ya zamani ya mbao inayobana ngozi, ikabidi nitengeneze mingine. Nikachukua ubao, nikaupasua kwa msumeno, nikaupiga randa nikiimba. Nilikuwa katikati ndipo nikatazama chini. Ubao mrefu. Ulionyooka. Wenye kona nne. Na ulikuwa ubao tu! Nililia pale juu ya maranda. Asifiwe Bwana!

Niliogopa nafuu ile ni ya siku moja. Kabla ya mwezi kuisha Mzee Okech alikuja karakana, ameshika tete mkononi. Mama yake alikuwa amelala katika Bwana.

"Fundi, najua yaliyokupata. Ukikataa nitaelewa. Niende kwa mwingine?"

Nililaza tete lile juu ya mbao. Nikaweka alama. Mkono haukutetemeka.

Akakaa juu ya kigogo akinitazama nikifanya kazi. Baadaye akauliza, kwa sauti ya chini, "Ile ngozi ya kenge uliitupa?"

"Hapana, Mzee. Iko pale ukutani."

"Mama alicheza ohangla sana kabla ya kuokoka. Mabega yake yalikuwa hatari." Akajifuta macho. "Usiitupe."

Ndugu zangu, sisemi ngoma iliniponya. Sisemi pia ningepona bila ngoma, bila Mama Njeri, bila Mzee kunifukuza. Naweza kuwa nakosea, lakini nauona mkono wa Mungu katika wote hao. Kama kuna mtu hapa ambaye kazi ya mikono yake imegeuka kaburi, mpe Yeye hata kidole kimoja, leo. Kisha njoo karakana. Naanza benchi za wale waliosimama mlangoni, na nahitaji mtu wa kunishikia ubao.