Mwanafunzi wa Mwisho wa Mwalimu Taratibu

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mwalimu Taratibu anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha udereva katika shule yetu. Mimi ni karani wa mapokezi. Nimesikia mengi aliyofanyiwa na wanafunzi wake, na mengine ni ya kusitiri.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ameifanya ndani ya Kibaba, gari letu dogo jeupe, injini ya lita moja, milango mitano. Gari hili halina makuu. Linapaki popote, vipuri vyake viko kila duka, na petroli linaionja tu. Buti ni finyu kweli, na mlimani likiwa na watu wanne hulalamika, jamani! Lakini Mwalimu alilipenda kwa sababu halimtishi mgeni: klachi nyepesi, vioo vipana, pua fupi. Humo amefundisha wauguzi, wauza nyanya, hata bibi mmoja aliyechoka kuwasubiri wajukuu waje kumchukua. Hakumfokea mtu. Alisema "taratibu" tu, na jina likamganda.

Ila kinyozi hajinyoi. Mkewe, shemeji yetu, alikwenda sokoni kwa miguu miaka yote hiyo. Kila akiomba kufundishwa, anaambiwa kesho.

Mwaka jana daktari alimwambia Mwalimu kwamba macho yake yanafifia, na kwamba hautapita muda mrefu kabla hajalazimika kuiacha kazi hii. Alipotuletea habari hiyo nililia mbele yake, wala sioni haya kusema. Yeye aliomba jambo moja: shemeji awe mwanafunzi wake wa mwisho, kabla giza halijaingia.

Tukadhani itakuwa raha. Wapi! Gari la shule lina breki ya pili upande wa mwalimu, na mtu yule yule ambaye huigusa kwa nadra alikuwa akiikanyaga kila kona. Siku moja shemeji alizima gari, akashuka, akamwambia kama hamwamini basi ajiendeshe mwenyewe. Kuanzia kesho yake Mwalimu alikaa amekunja miguu. Mwezi huu shemeji amefaulu mtihani.

Shule imewazawadia Kibaba. Fundi alimuuliza Mwalimu kama aiache breki ile, maana mazoea yana taabu. Alijibu aing'oe, yeye sasa ni abiria.

Mwalimu, asante kwa yote. Tunawaombea afya na safari njema. Nawe shemeji, ukiwa kwenye usukani, msimulie kila unachokiona njiani.