Mikwaruzo Mitatu ya Tupa

Bismillahi. Wanangu, sogeeni upande wangu wa kulia, maana kushoto mtakuwa mnazungumza na ukuta. Zulekha, kaa hapa karibu na kichwa. Altaf, wewe usikae, utaondoka sasa hivi, nisikilize ukiwa umesimama. Na hiyo tambura msiifunike. Ilazeni juu ya mkeka niwe naiona.

Daktari aliongea nanyi kule nje mkadhani sikusikia. Kweli sikusikia, lakini nilimwona Zulekha akikunja ncha ya mtandio wake kidoleni, nikajua. Basi, aliyenipa pumzi anazichukua, sina ubishi naye. Ninachohofia si kufa, ninahofia Alhamisi, siku ya hauli, kumbukumbu ya kila mwaka ya walii wetu. Leo Jumapili, na tambura hii, nyuzi zake zote nne, haijasema neno.

Kwanza mali, niimalize, maana ndiyo rahisi. Nyumba hii, karakana ya chini, na mabuyu ya kutengenezea matumbo ya ala yanayoning'inia darini vigawanywe kama sheria ya dini yetu isemavyo. Maulana atawasomea, asiwepo wa kumnung'unikia mwenzake. Yale mabuyu arobaini ya mwisho, yaliyoletwa na wakulima wa Pandharpur, msiyatie msumeno mpaka misimu miwili ya mvua ipite. Yagongeni kwa kucha, yakijibu kwa sauti kavu yako tayari. Altaf, zile sitari zako unazozitoboa kuzitia vinasa sauti vya umeme, kwa ajili ya vijana wa Pune wanaopiga pamoja na magitaa na ngoma za kizungu, nilizisema vibaya mbele ya wateja. Nilisema unamtia mgonjwa mirija. Watu walicheka, nawe ukacheka, lakini mchana ule hukula. Nisamehe. Ni kazi ya halali na unaifanya kwa usafi.

Sasa lile zito, na nipeni maji kwanza.

Mimi sisikii tena. Si maneno haya, maneno ya karibu nayasikia kwa sikio hili la kulia, mtu akiwa hana haraka. Nisichosikia ni jawari, ule uvumi kama wa nyuki unaotoka pale uzi wa chuma unapoligusa daraja la ala na kuliacha, unaligusa na kuliacha. Huu mwaka wa nne. Wateja wananiletea ala zao, nainamisha kichwa, nafumba macho, napiga uzi, naguna kama zamani, kumbe ndani ni kimya kama kisima kilichofukiwa. Nimefanya kazi kwa kumbukumbu ya vidole tu, na vidole navyo siku hizi vinatetemeka. Wewe Altaf hukugundua, wewe una ule mshale wa kwenye simu unaokuambia uzi umepanda au umeshuka, haukuambii kama uko hai. Aliyegundua ni ami yenu Dastagir. Ijumaa moja tulijikuta safu moja msikitini, mapangaboi yanavuma, imamu simsikii, ikabidi niwe naangalia miguu ya watu nijue wakati wa kusujudu. Tulipotoa salamu akaniinamia akasema, "Kaka, siku hizi unaswali kwa magoti ya watu." Akavaa viatu akaenda zake. Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyoniambia kwa miaka arobaini na moja.

Mlipokuwa wadogo mliuliza kwa nini hatuendi nyumbani kwake ng'ambo ya reli, hata sikukuu. Mkaambiwa aliharibu tambura ya mzee mkubwa, baba yetu akamnyang'anya tupa, naye akasusa. Aliyewaambia ni mimi. Leo nayafuta kwa mdomo ule ule.

Siku zile tulikaa watatu kwenye mkeka mmoja wa kazi. Baba katikati, mimi kulia kwake, nina miaka ishirini na sita na mke ndani, na Dastagir kushoto, miaka kumi na tisa, ndevu hazijajaa. Wiki moja kabla ya hauli, mwimbaji Narharibuwa akaleta tambura yake ifunguliwe sauti. Ndiyo hii hii mnayoiona. Yule mzee alikuwa Mhindu, lakini kila mwaka aliimba penye kaburi la walii wetu bila malipo, kwa nadhiri aliyoiweka alipopona koo. Baba akampa Dastagir kazi hiyo. Mimi ndiye mkubwa, akampa yeye.

Kijana alikaa nayo siku mbili. Anakwaruza daraja la pembe kwa tupa, anapitisha kijiuzi cha pamba chini ya uzi wa chuma, anakisogeza upana wa unywele, anasikiliza, anakwaruza tena. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, chumba kizima kilijaa sauti. Mama yetu alitoka jikoni na unga wa mtama mikononi, akasimama mlangoni. Baba akasema, "Hapo. Usiguse tena."

Wanangu, baba yetu hakuwa na sifa nyingine. Hakujua kusema vizuri wala hongera. Mafundi wa mtaa wetu mzima hapa mjini Miraj walifanya kazi miaka na miaka wakiyatafuta maneno hayo matatu. Dastagir aliyapata akiwa na miaka kumi na tisa. Mimi sikuwahi kuyapata, mpaka tulipomzika.

Walipokwenda kula, nilibaki nyuma. Nilijiambia nataka kuangalia tu. Kisha nikajiambia uzi wa tatu una ukali kidogo, nitaupoza, na kazi itakuwa na mkono wangu ndani yake. Nikachukua tupa nikakwaruza mara tatu. Mara tatu tu. Ule unga mweupe ulioanguka usingetosha kuwa chumvi ya yai moja. Nikapiga uzi, na siku zile nilikuwa nasikia vizuri mno, nikasikia sauti imekufa. Nikaupuliza unga, nikaivika tambura mfuko wake, nikaenda kula. Mama yenu aliniwekea kipande cha nyama cha zaidi. Nilikila.

Narharibuwa hakuwa na desturi ya kuijaribu ala iliyotoka kwa baba. Kwake ilikuwa sawa na kumhesabia vidole mtu aliyekupa mkono. Kwa hiyo siku ya hauli aliitoa mfukoni palepale kaburini mbele ya watu, kila mtu amekaa, akapiga, ikalia kama kifuniko cha sufuria. Akapiga tena. Akamtazama baba. Halafu akailaza chini pole pole, akaomba ashikiwe sauti kwa kinanda cha jirani, akaimba kifupi, akaondoka bila kunywa chai.

Nyumbani baba aliuliza mara moja tu, "Nani aliigusa?" Dastagir akasema, "Mimi sijaigusa tangu uliposema." Baba akanigeukia. Nikatazama kopo la gundi. Sikusema uongo kwa ulimi, na miaka mingi nimejifariji kwa hilo, kana kwamba Mwenyezi Mungu anaandika ya ulimi peke yake. Baba akamtoa Dastagir tupa mkononi, taratibu, kama unavyomvua mtu pete, akanipa mimi. Tangu siku hiyo ami yenu hakugusa tambura. Akahamia ng'ambo ya reli, anatengeneza vinanda vya shule na vya mahekalu, anaziba mifuko ya upepo kwa viraka vya ngozi. Mkono ule, wanangu. Kuziba viraka.

Na mwanzo wa mwezi huu mliona wenyewe Sulabhatai amekuja, mwanafunzi wa Narharibuwa, aliyeachiwa tambura hii. Miaka sabini na miwili, ameshikwa mkono kupanda ngazi zetu. Akaniambia, "Imamsaheb, mwaka huu ndio wa mwisho, magoti yamekataa. Nataka iseme palepale iliponyamaza mbele ya mwalimu wangu." Nikamjibu, inshallah itasema. Kwa kiburi tu, maana nilijua hali yangu. Daraja lake limelika, nikachonga jipya kwa kipande cha mwisho cha pembe ya paa kilichobaki kwenye kasha la baba. Pembe hiyo haiuzwi tena, serikali imekataza, na imekataza vizuri. Wiki tatu nakwaruza. Nikiegemeza taya langu kwenye shingo ya tambura, mfupa unasikia kile ambacho sikio halisikii, lakini taya likiwa pale mkono haufiki kwenye daraja, na nikishuka nikakwaruze, nimeshasahau nilichosikia. Limebaki la kuondoa unene wa kucha. Mkono wangu ukiteleza mara moja, kwisha, na Sulabhatai ataaibishwa mahali pale pale na mtu yule yule.

Altaf. Chukua tupa ya baba, ile iliyofungwa kwenye kitambaa cha kijani. Usipige simu. Tembea uvuke reli, uingie kwa ami yako, umpe kwa mikono miwili, useme mbele ya mkewe na watoto wake: baba anasema, ni mimi niliyekwaruza mara tatu. Usiongeze neno, wala usiseme naumwa, asije akaja kwa huruma. Tupa ni yake, aje asije. Yeye si mrithi wangu kwa kuwa Mungu amenipa mwana wa kiume, kwa hiyo wosia kwake unafaa kisheria, nimemuuliza maulana. Nenda. Acha mlango wazi.

Ameondoka? Zulekha, angalia kama amevaa viatu, yule akiwa na haraka huenda na kandambili za bafuni.

Hatakuja. Mimi nisingekuja. Mwanangu, mara mbili nimetoka nyumba hii niende kwake. Mara ya kwanza geti la reli lilikuwa limeshushwa, nikasema hii ni ishara. Treni ikapita, geti likainuliwa, baiskeli zikavuka, mbuzi wakavuka, nami nikajifanya halijainuliwa. Mara ya pili sikufika hata getini. Ukiwa na jambo la kukiri, usiache likomae nawe kwenye mkeka mmoja. Mimi nililizoea hili kama mtu anavyozoea jino bovu, anatafunia chakula upande wa pili.

Nani huyo mlangoni? Muuza maziwa? Mwambie aweke.

Na wewe nilikudhulumu. Ulikuwa na miaka minane, ukikaa ngazini, na kila nilipokosea jawari ulikuwa unakunja uso kabla sijajua nimekosea. Niliona. Mteja mmoja akaguna kwamba binti anakaa na mafundi, nikakupeleka ndani. Ami yako akija, na akikubali, umwombe akufundishe. Mimi sina tena cha kukupa ila ruhusa, nayo imechelewa.

Sikilizeni, sikiliza wewe, utamwambia na kaka yako. Nizikeni miguuni pa baba, si ubavuni. Jiwe msiandike ustadi, andikeni Imamsaheb tu. Na Sulabhatai aambiwe yote kabla hajaimba, si baada. Akitaka kuondoka, mpeni chai aondoke. Mwambieni kwamba mwalimu wake hakuaibishwa na kijana yule.

Angalia mlangoni. Angalia tena. Hapa mpaka ng'ambo ya reli ni mwendo wa robo saa, na kurudi robo saa, na akikataa, Altaf hawezi kuniambia haraka, atazunguka kwanza sokoni. Namjua. Akichelewa ndiyo amekataliwa. Saa ngapi sasa? Usiniambie.

Mbona umesimama? Umejitanda mtandio. Ni yeye? Nisogezee mto. Tupa ameishika yeye, au bado iko mkononi mwa Altaf? Niambie hilo tu. Ameishika yeye. Alhamdulillahi.

Dastagir. Kaa, ndugu yangu. Umekuwa na mvi kama baba. Usiniambie umenisamehe, sitasikia vizuri, nami sitaki kufa nikidhani nimesikia. Usinijibu kitu. Daraja ni hilo, pembe ni ile ya baba, hakuna nyingine. Limebaki la unene wa kucha. Sijui kama mkono wako bado... Mungu anajua.

Wanangu, niinueni. Hivyo. Ilazeni shingo ya tambura hapa, kwenye taya. Ami yenu abaki kule chini kwenye daraja. Tutakuwa mbali wote wawili, hatutaonana uso, inafaa.

Mungu awape mikono yenye haki. Awape riziki msiyoificha. Altaf, awape wanao masikio. Zulekha, akufungulie kila nilichokufungia. Wewe Dastagir, na nyumba yako, na wajukuu wako... nimeishiwa, malizieni nyinyi, semeni amina.

Piga.

Imelala. Kwaruza.

Pole pole. Hofu yangu hiyo, si yako. Usinisikilize mimi. Piga.

Sasa kijiuzi. Kisogeze... kwangu. Kidogo. Zulekha, unakunja uso? Hapana. Hakunji.

La ilaha illallah. Piga zote nne.

Iko mpaka kwenye meno... Mama ametoka jikoni.

Hapo, Dastagir. Hapo.

Usiguse tena.